Kimya cha Bedifodi

Jumamosi, ukungu bado umelalia mashamba ya viazi,
nimetandika magunia matatu uwani, nimelala chali
chini ya Bedifodi ya marehemu baba,
mawe mawili nyuma ya kila gurudumu,
maana kwetu Isyonje hakuna mahali palipo sawa
hata pa kutua sufuria.

Mafla zote mbili zimekwisha.
Ya mbele ina tundu linalopitisha ngumi.
Ya nyuma ni viraka vitupu: bati la kopo la maziwa,
waya wa uzio, kipande cha bomba la maji
alichofunga baba mwaka ule barabara ya Kitulo ilipokatika.
Ukiigonga inamwaga kutu kama unga wa ulezi.

Trafiki wa Uyole, akiziba sikio moja kwa leseni yangu,
aliniambia, "Wewe, hili si gari, hii ni mashine ya kusaga."
Akaandika. Nikalipa.
Kwa hiyo Mwanjelwa, kwa hiyo mafla mbili za mtumba,
elfu themanini baada ya kuapiana sana,
zikapanda mlima juu ya magunia matupu,
zimefungwa kamba kama mbuzi wa mahari.

Subilaga, binti wa dada, ndiye fundi msaidizi.
Ana miaka kumi na miwili, na tochi.
"Kumi na saba," nasema. Ananipa kumi na nne.
"Kumi na saba." Ananipa kumi na tisa.
"Mjomba, zote zina mdomo."

Nati ya kwanza ilikubali kwa mafuta ya breki.
Ya pili kwa mafuta ya breki na matusi,
ya Kinyakyusa, ya chinichini, mtoto asisikie.
Alisikia.
Ya tatu ilikata shingo ya bolti.
Ya nne
ilifungwa na baba.
Najua kwa sababu ina alama mbili za tindo kichwani,
alizopiga kila alipokaza kitu
asichotaka mtu mwingine akifungue.
Nikaitazama. Tochi ikachoka mkononi mwa mtoto.
"Umekwama?"
"Sijakwama."
Nikaomba msumeno.

Saa nane mchana zilikuwa zinaning'inia kwenye mipira yake,
klampu zimekaza, gasketi imekaa,
na mimi nimetema kutu mpaka mate yameisha.
Nikawasha.
Bedifodi ikakohoa mara moja, kwa adabu, kama mtu aliye kanisani,
halafu ikaanza kunong'ona.
Kuku hawakukimbia.
Subilaga akauliza, "Inaumwa?"

Jumatatu nilishusha viazi mjini, nikarudi usiku.
Kwa miaka thelathini mama alikuwa na saa yake:
mngurumo ukifika kona ya misonobari, bandika maji;
ukivuka daraja, tia majani;
ukipanda kwa Anyelwisye, mbwa wakianza, toa komeo.
Sasa nilipiga hodi nyumbani kwetu
kama mtu aliyekuja kudai.
"Nani?"
"Mimi."
"Mimi nani? Sijasikia gari."
Akafungua, kibatari mkononi, akanipita bila salamu,
akaenda kuishika boneti
aone kama kweli ina moto.

Kuni zilikuwa zimelala. Chai ilichelewa.
Tulikaa tukisikiliza mvua ikianza kwenye bati,
kila mmoja akiacha nafasi
kwa kitu ambacho hakikuja.

Asubuhi bomba la zamani, lile la nyuma lililobaki zima,
halikuwapo kwenye lundo la vyuma.
Lilikuwa juu ya jiko, limepenyezwa kwenye paa,
limezibwa ukingoni kwa udongo mbichi wenye vidole vya Subilaga,
na moshi wa milingoti unapanda ndani yake
mweupe, bila haraka.
Nilisimama mlangoni na nati yenye alama mbili mfukoni.
"Limezoea moshi," mama alisema,
akaendelea kukoroga uji.